Kikombe cha Kwanza ni cha Kiprugut

"Maziwa hayazai ndani ya mkebe, Baba Kiplangat! Kosgei ananiletea mkebe umejaa mpaka kwenye alama. Natoa kikombe chako. Nikirudi kutoka mferejini mkebe umejaa mpaka kwenye alama tena. Nani amezaa? Wewe?"

"Labda ulipima vibaya."

"Mimi? Mimi nipime vibaya?"

Huyo alikuwa Jerop, na aliyekuwa akijitetea ni mumewe, Kiprugut. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa madebe yaliyopasuliwa na kupigwa bapa, kwa hiyo mtu asiseme nilisikiliza kwa kujificha. Nusu ya mtaa wetu wa Bondeni ilisikia. Mwanamume alikuwa akichovya masharubu kwenye kikombe yapate weupe, kisha maziwa anayarudisha kwenye mkebe na kujipangusa kama mtu aliyeshiba. Mtu mzima, baba wa mtoto!

"Hayo ni maziwa ya kuuza," akasema Kiprugut. "Mwanamume hawezi kukaa nyumbani akinywa biashara ya mke wake."

"Na mke wake akae nyumbani akifua damu kwenye shati lako? Hiyo ndiyo kazi unayonitafutia?"

Nilisikia mlango, nikamwona Kiprugut akipita mbele ya dirisha langu, kofia mkononi, anaelekea stesheni kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Kazi hakuwa nayo. Jerop akatokea nyuma yake na kikombe, akabaki amesimama katika lile vumbi jeupe linalotoka ziwani wakati wa upepo. Akakifunika kwa kiganja vumbi lisiingie kwenye maziwa.

"Mama Naftaly," akaniambia, "nitafunga mtu na kamba."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. Kiprugut alikuwa amebeba magunia ya mahindi pale gudishedi, bohari ya mizigo ya reli, tangu alipokuwa kijana, na alikuwa hodari. Ila alikuwa akila kama wanaume wale wote wanavyokula: asubuhi hakuna kitu, mchana mkate mweupe na chai ya sukari kama asali, jioni gongo la kuondoa uchovu, na sigara katikati ya hayo yote. Tumbo likamchoma mwaka, likamchoma mwaka wa pili, yeye akasema ni gesi. Siku moja akiwa na gunia begani akatapika damu juu ya mizani. Hospitalini wakamlaza. Alipotoka, kazi ilikuwa imepewa mwingine, na chumba chao cha landhi, zile nyumba za reli, kilikuwa cha mfanyakazi, si cha mgonjwa. Ndipo wakaja kuwa majirani zangu.

Dresa mmoja wa hospitali alimweleza Jerop mambo waziwazi, maana aliona mgonjwa anatazama dirishani tu. Gongo basi. Sigara basi. Pilipili basi. Maziwa mabichi, yachemshwe kwanza, uji mwepesi wa wimbi, kidogo kidogo lakini mara nyingi, tumbo lisikae tupu. "Na msiende mbali na hospitali," akasema. "Akitapika tena damu kama ile, ni lazima muwe karibu." Kwao ni Olenguruone, ambako mtoto wao Kiplangat alikuwa anakaa na nyanya yake. Kutoka huko mpaka Nakuru, mvua ikinyesha, lori linaweza kulala kwenye matope. Kwa hiyo hesabu ya Jerop ilikuwa moja tu: kodi ya chumba ikikosekana, tunarudi nyumbani, tukirudi nyumbani na tumbo likapasuka, mume wangu anafia njiani.

Akaanza kuuza mursik, maziwa ya kwao yanayogandishwa ndani ya vibuyu. Mjini walikuwamo vijana wengi wa kwao, mapolisi, wapakiaji, walinzi, na kila mmoja alikuwa na hamu ya maziwa ya kwao. Kosgei, mtu wa upande wa Rongai mwenye ng'ombe wake wachache, alimletea maziwa kwa baiskeli na kulipwa kila Jumamosi. Jerop aliyachemsha, akayapoza, akayatia kwenye vibuyu vilivyosuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichowashwa moto mpaka kikawa kaa. Kaa hilo ndilo linalolinda maziwa na kuyapa ile rangi ya majivu na ile harufu. Vijiti vilitoka Olenguruone kwa lori. Hakukubali mti mwingine.

Fedha aliziweka katika makopo matatu ya kakao: la Kosgei, la kodi, na la nyumba, yaani unga, mafuta ya taa na dawa. Kopo la nyumba likiwa tupu, walikaa gizani. Hakuligusa la Kosgei hata kwa ndururu. Nimewaona wanawake wengi mjini wakifanya biashara kwa mkono mmoja na kuila kwa mkono wa pili. Jerop hakuwa hivyo. Ila kwake yeye mwenyewe alikuwa mjinga kama mumewe. Ukimuuliza, "Umekula nini leo?" anasema, "Nimelamba mwiko." Akilala ni kidogo, akikaa ni mpaka maji yachemke, kisha huyo ameondoka. Nilimwambia, "Mnashindana nani atakufa kwanza." Akacheka, akachukua ndoo.

Na kabla hajauza hata tone, alitoa kikombe kimoja cha maziwa mabichi, cha mume. Ndicho hicho kilichokuwa kikirudi kwenye mkebe.

Baada ya ule ugomvi wa asubuhi alianza kumsimamia. "Kunywa nikiona." Akanywa anaona. Lakini mara akatoka tena, stesheni, kiwanda cha unga, bohari ya mbao, kuuliza kazi kwa watu waliokuwa wamekwisha kumkatalia, na huko alishinda bila kitu tumboni mpaka jioni. Kikombe kimoja asubuhi na matembezi ya kutwa. Shavu lilizidi kuingia ndani. Hakuweza kutulia. Akikaa kwenye kigoda alipigapiga goti mpaka kuku wakakimbia.

"Baba Kiplangat," nikamwambia siku moja, "hata saa ya ukutani inapumzika isipotiwa ufunguo."

"Mama Naftaly, mimi si saa."

"Naona. Saa ina faida."

Alinuna siku nzima kwa neno hilo. Labda ndilo lililomtia wazo la kutafuta faida.

Wiki iliyofuata lori la Olenguruone halikuja. Huku kwetu vumbi, huko juu Mau mvua haikatiki. Vijiti vya senetwet vikaisha, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, siku ambazo watu wana mshahara na vibuyu huuzwa vyote. Siku hiyohiyo Kosgei hakuonekana na baiskeli yake. Jerop akajifunga leso, akaniachia ufunguo, akaenda kwa miguu upande wa Rongai kumfuata na mkebe wake kichwani.

Hakuwa amefika mbali nikamwona Kiprugut akirudi na debe la mkaa. Alilichukua kwa Wangeci, mwuza mkaa wa kule mwisho wa safu yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Mkaa wa miti ya miwati, shilingi moja, kwa deni.

"Mzee wa Jerop!" Wangeci akamwita kutoka mbali. "Jumamosi unalipa?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hii ama ile ya ahadi za wazungu, isiyofika?"

Kiprugut akaingia ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Kwao mwanamume hagusi vibuyu vya maziwa. Kuvisugua ni kazi ya mwanamke, na mwanamume akionekana akifanya hivyo atatajwa mpaka kwao. Basi akajifungia. Baada ya muda moshi ukaanza kutoka chini ya mlango, nikadhani chumba kinaungua.

"Baba Kiplangat! Unafanya nini humo?"

"Napika!"

"Unapika nini?"

"Nimesema napika, mama!"

Akakohoa. Mimi nikarudi kwenye kushona kwangu nikifikiri labda amepata akili na anajipikia uji. Yeye alikuwa anasugua vibuyu vyote kwa kaa la muwati, tena vipande vingine bado vina maganda. Alikuwa amewaza hivi, kama alivyoeleza baadaye: mkaa ni mkaa. Muwati unauzwa hapa mlangoni, senetwet inalipiwa nauli kutoka Olenguruone, kwa nini tunamlipa mwenye lori? Hesabu safi kabisa kwa mtu ambaye hajui kwamba ganda la muwati ndilo linalonunuliwa na watu wa viwanda vya ngozi, kwa ajili ya ukali wake.

Jerop alirudi jioni amechoka, na maziwa mkebeni. Kosgei baiskeli yake ilikuwa imepasuka gurudumu. Alikuta vibuyu vimepangwa, vyeusi ndani, vinanukia moshi.

"Nani amevisugua?"

"Vilibaki vijiti viwili nyuma ya kitanda," Kiprugut akasema. "Nikamwomba mwanamke mmoja wa kwetu, mke wa polisi, akaja."

Jerop alimtazama. Lakini maziwa yalikuwa yanangoja, miguu ilikuwa inamwuma, na kila mtu anapenda kuamini jambo linalompunguzia kazi. Akachemsha, akapoza, akamimina, akaziba.

Siku ya mshahara akavibeba mpaka lango la gudishedi. Nilimsindikiza kwa kuwa nilikuwa napeleka suruali ya karani mmoja, Nicodemus, mhesabu magunia, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. Naye ndiye aliyetangulia, maana alipenda kutangulia kila mahali penye kikombe. Akapiga funda. Akaacha. Macho yakamtoka, na maziwa nayo yakatoka, mbele ya viatu vyake.

"Mama wa maziwa! Leo umetuletea dawa ya minyoo?"

Wengine wakaonja. Mate yakaruka kila upande. Wengine walicheka, na kama wangeendelea kucheka mambo yangeisha. Lakini miaka ile ya hali ya hatari watu walikuwa wamezoea kumwogopa jirani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si huyu ni mke wa Kiprugut? Aliyefukuzwa hapa? Labda anataka na sisi tutapike damu, nafasi ipatikane." Kicheko kikakatika.

"Kunywa wewe kwanza," Nicodemus akasema, na sasa hakuwa akifanya mzaha. "Kwetu na kwenu, anayeleta kinywaji huonja kabla ya mgeni. Wewe umetupa bila kuonja."

Ni kweli. Desturi hiyo iko nyumba zote ninazozijua, awe mtu wa wapi. Jerop alikuwa ameiacha kwa haraka ya biashara, na mpaka siku ile hakuna aliyejali. Akamimina kikombe, akakinywa chote, mpaka chini, uso wake haukucheza hata kope. Nilikuwa nimeonja kwa kidole. Nawaambia ilikuwa kama kulamba kiatu kipya.

"Mmeona," akasema.

Waliona. Hawakununua.

Alibeba vibuyu vilevile, vizito vilevile, mpaka Bondeni. Kopo la Kosgei lilikuwa na fedha. Kopo la kodi halikufika nusu, na mwenye nyumba alikuwa amesema Jumatatu, si Jumanne. Kiprugut alikuwa mlangoni. Aliona vibuyu, akaona mdomo wa mkewe umepata weusi.

"Ni mimi," akasema. "Muwati. Nilidhani mkaa ni mkaa."

Nikangoja kelele. Nilikuwa hata nimeacha cherehani. Jerop akakaa chini, kwenye kizingiti, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mchana. Akajipangusa weusi mdomoni kwa pindo la leso. Kisha akauliza:

"Wewe uliyajaza maziwa ya watu muwati kwa sababu gani hasa? Sema kweli."

"Kusaidia."

"Ungekunywa kikombe chako ungesaidia."

"Kukaa tu siwezi, Jerop." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe unakimbia kutwa, mimi nafugwa kama ndama. Afadhali nirudi nyumbani nife nikishika jembe."

"Hurudi nyumbani."

"Kodi je?"

"Nimesema hurudi."

Akanyanyuka. Sasa nikaona ametulia, na Jerop akitulia kuna mtu atafanya kazi. Vibuyu vilikuwa vimeharibika mpaka visafishwe upya. Maziwa mabichi ya jioni yalikuwapo. Unga wa wimbi ulikuwapo, ule wa mgonjwa, katika mfuko nyuma ya mlango. Akapima, akafunga macho akihesabu, akaazima sufuria yangu kubwa ya Krismasi bila kuniuliza kama naitaka.

"Kesho asubuhi tunauza uji wa maziwa pale langoni," akamwambia mumewe. "Mimi nabeba, wewe unakwenda kuonja. Jina limeharibiwa na wewe. Wale watakunywa wakikuona wewe umekunywa, si mimi. Mimi ni mke tu. Wewe ndiye waliyemtaja."

"Mbele ya watu wote?"

"Ulichovya masharubu gizani, sasa utayachovya juani."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, lakini treni za mizigo hazijui kanisa, na zamu ya asubuhi ilikuwapo. Nilikwenda nao, nikijiambia nakwenda kulinda sufuria yangu. Upepo ulikuwa mkali, vumbi la ziwa linaruka, Jerop anashikilia kifuniko kwa mikono miwili. Wanaume wakamwona Kiprugut amesimama kando ya sufuria. Wengi walikuwa wamebeba naye magunia na hawakuwa wamekwenda kumwona hospitalini hata mmoja, kwa hiyo walitazama chini.

Nicodemus akaja, mikono nyuma.

"Bwana Kiprugut."

"Bwana karani."

"Nasikia unataka kutuua."

"Ningetaka kukuua wewe ningekuletea kazi," Kiprugut akasema.

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, na Nicodemus mwenyewe akajaribu kuzuia tumbo lake lisitikisike, likamshinda. Kiprugut akapokea kikombe kutoka kwa mkewe. Akakinywa polepole, chote, akakigeuza juu chini watu waone. Hakuna tone lililoanguka.

"Haya," akasema karani. "Tia."

Uji ulikuwa moto, una maziwa, na asubuhi ya Nakuru ni baridi. Peni moja kikombe. Wale wa kwanza walipomaliza, kundi lingine likashuka kutoka kwenye mabehewa, na hao hawakuwa wameona.

"Mwenye uji aonje!" wakasema.

Kiprugut akanywa tena. Baada ya saa moja wakaja walinzi wa usiku wanaotoka zamu. "Aonje!" Akanywa tena. Nilimwona Jerop akimtazama mumewe juu ya sufuria, kisha akanitazama mimi, na ndipo sote wawili tukaelewa jambo moja kwa wakati mmoja: kidogo kidogo, lakini mara nyingi. Dresa asingeweza kupanga vizuri zaidi. Na hapa hapakuwa na mkebe wa kurudishia.

Jumatatu mwenye nyumba alipewa zaidi ya nusu ya kodi, akapiga kelele, akasema ataita askari, akazihesabu fedha na kuziweka mfukoni akiendelea kupiga kelele. Iliyobaki alipewa Ijumaa. Hawakuhama.

Watu walipokwisha kuuamini uji ule, wakaacha kudai uonjwe. Jerop hakuacha. Akiona hata watu wawili wapya, anasema, "Baba Kiplangat, wageni," na huyo Kiprugut anachukua kikombe. Kazi ya kuteka na kupokea peni ikawa yake. Haikuwa na gunia. Aliwajua wote kwa majina, na nani husema atalipa kesho, na kesho ya nani hufika. Stesheni hakwenda tena kuuliza kazi, kwa kuwa alikuwa pale kila asubuhi. Vijiti vya senetwet vilipofika, mursik ikarudi jioni kwa wanaoitaka, na uji ukabaki wa asubuhi. Sigara ilimchukua muda zaidi. Nilimkamata mara mbili nyuma ya choo, nikamwambia nitapiga yowe.

Nami nikapata la kumwambia Jerop. "Mume ananenepa, wewe unabaki mti wa kuanikia nguo."

Aliyejibu ni Kiprugut. Alijaza kikombe, akakisukuma mbele ya mkewe. "Cha kwanza changu. Cha pili chake. Asipokunywa, siteki." Na kweli akaweka upawa chini, foleni inangoja, wanaume wanapiga kelele, Nicodemus anapiga kelele kuliko wote. Jerop alikunywa akiwa amesimama na anatukana, lakini alikunywa.

Lilibaki jambo la Wangeci. Jumamosi zilipita, na kila ilipopita alisimama mbele ya chumba chao na kuita kwa ile sauti ya kengele, "Shilingi yangu, Mzee wa Vibuyu!" maana habari ilikuwa imemfikia, nayo ilimfurahisha kuliko shilingi yenyewe. Kiprugut alitaka kulipa. Jerop alikataa katakata.

"Nilipe mkaa ulioniharibia maziwa?"

"Mimi niliuza mkaa wa kupikia!" Wangeci akasema. "Nilijua mnaula?"

"Usingempa mgonjwa deni!"

"Sasa mgonjwa hapiki?"

Ikaendelea hivyo mpaka watoto wa safu yetu wakaifanya mchezo, mmoja anakuwa Wangeci, mwingine Jerop.

Siku Kiprugut alipopimwa tena hospitalini, yule dresa aliitazama mizani, akamwambia ashuke, akamwambia apande tena. Walirudi kwa miguu, Jerop ametangulia kama kawaida yake, na walipofika kwa Wangeci akasimama. Mimi nilikuwa pale nanunua mkaa. Jerop akafungua pindo la leso, akatoa shilingi, akaitupa kwenye debe la Wangeci ikalia.

Wangeci akaitazama. "Ulisema mkaa wangu ni mchungu."

"Ulikuwa mchungu. Chukua kabla sijabadilisha nia."

Wangeci aliichukua, akaifuta masizi, akaifunga kwenye pindo lake mwenyewe na kulivuta fundo kwa meno. "Sasa tumemalizana," akasema. "Kesho nakuja kunywa huo uji."

"Peni moja," Jerop akasema, na alikuwa amekwisha kuanza kutembea.